Ulimi wa Nahodha Tasker

Obed Tasker alikuwa na meno manane na ulimi mmoja, na ulimi huo ulilishwa mambo ambayo mtu mwingine asingempa hata mbwa wa jirani. Ulikula mchanga. Ulikula tope la chini ya bahari, maganda ya kome yaliyosagika na udongo wa buluu unaonuka yai bovu. Alianza kuulisha hivyo siku alipopewa unahodha, akiwa na miaka ishirini na sita, na hakuacha mpaka uzeeni.

Alikuwa na sababu. Alipotaka kujua meli yake iko wapi, alishusha bildi, ile kamba ndefu yenye risasi nzito mwishoni. Kitako cha risasi kina kishimo, na ndani yake hushindiliwa shahamu ya ng'ombe. Risasi ikigonga chini, shahamu hunasa chochote kilichopo huko. Manahodha wote wa bandari ya Grimsby waliijua kazi hiyo, na wengi walikitazama kilichonaswa, wakalinganisha na ramani. Tasker alikitazama, akakinusa, kisha akakitia mdomoni na kufumba macho. Baada ya hapo alitema mate baharini na kutaja mahali, na ukienda kupima kwa vyombo vyako vyote unakuta ni papo hapo.

Fundi wake wa mitambo, Cyril Wragg, hakuchoka kumtania. Walikuwa majirani wa mtaa mmoja na walisafiri pamoja miaka kumi na tisa, mmoja juu kwenye usukani, mwingine chini kwenye joto la boila, wakizungumza kwa bomba la kusemea.

"Nahodha, umeshiba huko juu?"

"Bado. Kuna mchanga umebaki, nikushushie?"

"Nishushie, lakini uukaange kidogo."

Palikuwa na mahali pamoja, maili nane kutoka pwani, palipowafurahisha zaidi. Chini pale pana mchanga wa manjano uliochanganyika na vipande vidogo vyeusi vya miti ya kale, iliyoota huko zamani kabla bahari haijapafunika. Tasker alisema ladha yake ni ya majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili. Ni eneo dogo, mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kabla chakula cha mchana hakijapoa, kama lingekuwa nchi kavu. Mabaharia wakapaita Kwenye Chai. Kila walipokaribia, sauti ya Cyril ilipanda kwenye bomba: "Chai ipo?" Na nahodha, akiwa bado anatafuna, alijibu: "Ipo. Sukari hakuna." Cyril aliirudia hadithi hiyo nyumbani kila safari, mpaka mkewe Minnie akawa anaijibu yeye kabla mumewe hajamaliza.

Meli yao iliitwa Hester Maud. Ilikuwa meli ndogo ya kukokota nyavu, pana kiunoni, yenye kutoa moshi mwingi na mwendo mchache. Uzuri wake ulikuwa dohani ya kutolea moshi tu, iliyopakwa rangi ya damu ya mzee. Mwenye meli alikuwa mtu wa majivuno na hakuna mwingine bandarini aliyetumia rangi hiyo, kwa hiyo wake za mabaharia waliitambua Hester Maud ikiwa bado mbali.

Vita vilipoanza mwaka 1939, jeshi la maji liliichukua pamoja na watu wake. Wakaipachika mzinga mmoja uliokuwa mkubwa kwa umri kuliko mpigaji wake, wakawagawia wavuvi kofia na kuwafundisha kupiga saluti. Tasker hakuiweza saluti. Mkono wake ulipanda mpaka sikioni ukakwama, na afisa aliyekuwa akiwakagua akadhani mzee anajikuna.

Kisha ikaja amri kwamba meli nzima ipakwe rangi ya kijivu. Cyril akapewa dohani. Aliipaka kwa siku moja, akinung'unika, na alikataa katakata kukwangua rangi ya zamani.

"Naifunika tu," alimwambia Tasker. "Vita vikiisha nataka niikute palepale chini."

Alirudi nyumbani na kijivu kwenye nywele, na Minnie akamsugua kwa mafuta ya taa wiki nzima.

Kazi yao ilikuwa kufagia mabomu yaliyotegwa majini. Kando ya pwani ile ilikatwa njia, iliyopita juu ya Kwenye Chai, na ndani ya njia hiyo zilipita meli za makaa ya mawe kwenda kuwapasha moto watu wa kusini. Adui alitega mabomu humo, na Hester Maud ilipita kila siku ikikokota waya mrefu wenye makali, ikikata minyororo ya mabomu ili yaibuke na kupigwa risasi. Wakubwa walidhani wavuvi watahitaji mafunzo ya miezi mingi. Hawakuhitaji. Maisha yao yote walikuwa wamekokota kitu kizito nyuma ya meli, na mikono yao ilijua waya unapokwama, unapoteleza na unapobeba. Mimi nawavulia kofia watu hawa. Walitoka asubuhi na mkate na nyama ya chumvi, wakatembea juu ya kifo mpaka jioni, wakarudi wakilalamikia chai tu.

Na hawakusahau kwamba ni wavuvi. Bomu likilipuka majini, samaki huelea tumbo juu, na Hester Maud haikuweza kuwapita. Siku moja meli ya kiongozi wao ilitoa ishara: "Kwa nini mmesimama?" Tasker, huku watu wake wakiinama na makapu, akajibu kwa ishara: "Tunakagua uharibifu." Jioni hiyo ofisi nzima ya bandari ilikula samaki wa kukaanga, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Tasker alikuwa na miiko yake, na kwa miiko hakuwa na mzaha. Mkubwa kuliko yote: mwanamke hapandi melini. Akikutana na mwanamke njiani asubuhi ya safari, alirudi nyumbani akaanza upya. Asubuhi moja Minnie alikimbia mpaka gatini na soksi za Cyril alizozisahau, akatia mguu kwenye ubao wa kupandia. Tasker alipiga ukelele kama aliyeona moto.

"Hapo hapo, shemeji! Rudisha mguu!"

"Ni soksi tu, Nahodha!"

"Soksi zipande. Wewe ubaki."

Minnie akamrushia soksi, zikampiga usoni, na gati zima likacheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mfumaji wa nyavu, mwenye vidole vigumu na mdomo usioogopa mtu. Alimpenda Tasker. Mtaa mzima ulimwita Nahodha, lakini yeye alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina alilobatizwa nalo.

Asubuhi moja ya mwezi Machi 1942, waliondoka watu kumi na sita kwenda kufagia njia kabla ya msafara wa makaa. Ukungu ukashuka, mzito, hata aliyesimama omo, mbele ya meli, hakumwona aliye kwenye usukani. Maboya ya njia yakapotea. Upande wa nje wa ile njia yalikuwa yametegwa mabomu ya kwao wenyewe, mamia, kumzuia adui. Kupotea maili mbili kulitosha kuwamaliza.

Tasker akaamuru bildi ishushwe kila baada ya dakika chache. Msaidizi wake, Enoch Sowerby, alikuwa akiivuta na kumletea. Mchanga na maganda. Mchanga na maganda. Kisha Tasker akafumba macho, akatabasamu.

Bomba likaita. "Chai ipo?"

"Ipo. Sukari hakuna."

"Basi tupo," alisema Cyril.

Dakika mbili baadaye bahari ilipanda chini ya tezi, nyuma ya meli yao. Meli iliinuliwa, ikavunjika, ikashuka. Walioishi hawakubaliani ilichukua muda gani kuzama, lakini wote wanasema haukutosha kuvaa viatu. Watu saba walifika kwenye chelezo la kuokolea watu. Ukungu uliondolewa na upepo wa kutoka bara, na upepo huohuo ukalisukuma chelezo kwenda nje. Walipookotwa baada ya saa tatu, walikuwa ukingoni mwa yale mabomu ya kwao. Cyril Wragg hakuwa miongoni mwao.

Kulikuwa na mahojiano, katika chumba chenye meza ndefu. Afisa mmoja mwenye sauti laini ndiye aliyeuliza.

"Ulijuaje kwamba uko ndani ya njia?"

"Kwa bildi, bwana."

"Bildi ilikuonyesha nini?"

"Haikunionyesha. Niliionja."

Mwandishi aliweka kalamu chini. Afisa hakucheka, nadhani ingekuwa afadhali angecheka.

"Njia ilifagiliwa siku moja kabla. Ilikuwa safi."

"Ilikuwa safi walipoifagia. Ndege za adui hupita, bwana. Wamedondosha moja baada ya hapo. Nendeni mkafagie tena."

Wakafagia tena. Hawakupata kitu, kwa kuwa bomu lilikuwa moja tu na lilikwisha fanya kazi yake. Basi wakapiga hesabu za mkondo, bila kuuhesabu upepo, kutoka pale chelezo lilipookotwa, wakarudi nyuma, na alama yao ikaangukia nje, katikati ya mabomu ya kwao. Ikaandikwa kwamba nahodha alipotea njia. Hawakumwadhibu. Walimweka kwenye ghala la rangi, na huko akakaa mpaka vita vikaisha, akiwapimia vijana kijivu kwenye makopo.

Maneno ya ofisini yana miguu. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulijua kwamba watu tisa walikufa nahodha akila mchanga. Tasker alivaa koti lake la kanisani akaenda kwa Minnie. Alikuwa na jambo la kumwambia, na alilirudia njiani ili asikosee neno. Minnie alisimama mlangoni na sindano ya kufumia nyavu mkononi.

"Shemeji, nimekuja. Cyril, kabla hajafa, ali—"

"Usimtaje."

"Aliniambia kwenye bomba—"

"Nimesema usimtaje! Ulikuwa na ramani. Ulikuwa na dira. Ukachagua ulimi wako. Nenda nyumbani, Bwana Tasker."

Mlango ukafungwa. Kati ya yote aliyosikia mwaka ule, mzee hakuumizwa na kitu kama lile "Bwana Tasker". Mtu wa benki huitwa hivyo. Mpangaji mpya huitwa hivyo.

Ikaendelea hivyo miaka minne. Minnie akimwona upande huu wa barabara, anavuka upande wa pili. Mzee alimwandikia barua mbili, zikarudi hazijafunguliwa. Wajane wengine walimwitikia salamu na hawakusimama. Na Tasker hakwenda kumwambia mtu mwingine lile alilotumwa, ingawa lingemsafisha nusu, kwa sababu lilikuwa la Minnie na lilipaswa kufika kwa Minnie kwanza. Wapo watakaomwona mjinga. Mimi sijaona uungwana mkubwa kuliko huo katika mtaa wetu.

Mwezi Mei 1946 uvuvi ulikuwa umerudi, na Enoch Sowerby alikuwa nahodha wa meli yake mwenyewe. Tasker alimfuata gatini.

"Enoch, nipe siku moja."

"Ya nini?"

"Ya kuitafuta Hester Maud."

Enoch alikuwa kwenye chelezo siku ile, na yeye ndiye aliyevuta bildi ya mwisho. Hakuuliza swali la pili. "Alhamisi," akasema.

Jumatano Tasker akabisha kwa Minnie. Minnie alikuwa uani, wavu umetundikwa ukutani, mikono yake haikusimama.

"Kesho natoka na Enoch kwenda kutafuta mahali meli ilipo. Nikipata nitakuletea habari."

"Kwa mdomo gani? Huohuo?"

"Sina mwingine, shemeji."

"Mdomo wako nimeuchoka. Nitakwenda mwenyewe nione kwa macho."

 Miaka hamsini baharini mzee hakuwahi kuvunja mwiko ule, na Minnie alilijua hilo vizuri. Alikuwa amemtupia kitu asichoweza kukidaka, ili aende zake.

"Alfajiri," alisema Tasker. "Vaa nzito."

Asubuhi watu wa Enoch walipomwona mwanamke kwenye gati waliduwaa. Mmoja aliokota mfuko wake.

"Mimi na mwanamke baharini, hapana. Nahodha Tasker, wewe wa kufanya hivi?"

"Anayemwogopa mwanamke ashuke," alisema mzee. "Hester Maud ilikuwa na wanaume watupu, na iko chini."

Yule mtu akashuka. Waliobaki wakatazama pembeni. Tasker alishika mkono wa Minnie avuke ubao.

Walianzia mahali palipoandikwa ofisini. Bahari ilikuwa tulivu, jua jembamba. Enoch akashusha bildi mwenyewe, pima ishirini na mbili, akaipandisha. Shahamu ilikuwa nyeusi. Tasker hakuigusa, akampa Minnie. Aliinusa akageuza uso. Ilinuka yai bovu. Wakashusha mara kumi, wakizunguka, mara zote tope jeusi.

"Basi hapa ndipo walipo," alisema Minnie. "Ndivyo walivyoandika."

"Hapa ndipo walipoandika," alisema Tasker. "Twende ndani, Enoch."

Wakaelekea pwani maili mbili. Tasker alisimama kando ya meli, amefumba macho, akipokea risasi na kuirudisha. Mchanga na maganda. Mchanga na maganda. Kisha aliacha kutafuna. Alimnyooshea Minnie ile risasi.

Minnie aliitazama. Kwenye shahamu palikuwa na mchanga wa manjano wenye vipande vyeusi. Watu wote wa meli walikuwa wanamtazama. Akachukua kidogo kwa ukucha, akatia mdomoni, na uso wake ukabadilika taratibu. Alikuwa amelisikia jambo hili mezani kwake miaka kumi na tisa na kudhani ni mzaha wa wanaume.

"Ipo," alisema, kwa sauti ndogo.



Wakaanza kupasaka, kipande kwa kipande, meli ikienda polepole na risasi ikigonga mchanga, mpaka jua likawa juu kabisa. Enoch alikwisha chubuka viganja alipoisikia kamba ikitetemeka tofauti. Akaivuta juu kidogo, akaiachia. Ilikuwa imegonga chuma.

"Pima kumi na nne," alisema. "Kitu kimesimama chini yetu."

Ndani ya njia. Hapakuwa na mtu pale asiyejua maana yake. Enoch aliburura risasi juu ya kile chuma, akaivuta mara ya kwanza na kutu, mara ya pili na kutu. Mara ya tatu shahamu ilikuja na ganda la rangi, dogo kama ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa la kijivu. Minnie alilibandua, akalipangusa kwa aproni, akaligeuza.

Upande wa pili lilikuwa rangi ya damu ya mzee.

Alikaa chini palepale kwenye sitaha, miguu mbele, kama mtoto. Alilia kwa sauti na hakujificha. Wanaume wakavua kofia, wakasimama bila kujua waweke wapi mikono yao. Tasker alibaki mbali naye hatua mbili. Alikuwa amesubiri miaka minne, na sasa hakuthubutu kusogea.

Ni Minnie aliyemwita, akiwa bado na lile ganda kiganjani.

"Nahodha."

"Naam, shemeji."

"Aliuliza chai?"

"Aliuliza. Nikamwambia ipo. Akasema, basi tupo."

"Kisha?"

Mzee alipiga magoti mbele yake, kwa shida. Maneno aliyoyabeba muda wote ule yalikuwa machache, na aliyasema bila kukosea hata moja. Meli ilipovunjika, mashine ilikuwa bado inazunguka, na chelezo lisingeweza kushushwa bila kusagwa na mapanga ya rafadha. Njia ya kupanda juu ilikuwa wazi nyuma ya Cyril, na mpiga makaa wake alipitia hiyo akaokoka. Cyril alirudi kwenye vali akafunga mvuke. Kisha bomba likaita kwa mara ya mwisho.

"Alisema, 'Nahodha, nimezima. Shusha watu.' Nikamwambia apande. Akasema maji yameshafika kifuani, na akasema, 'Mwambie Minnie soksi ninazo.'"

Minnie alicheka kabla hajamaliza kulia, akaufuta uso kwa aproni yenye shahamu. Alimshika mzee bega ili ainuke, naye mzee akamshika yeye, wakainuka pamoja.

"Mbona hukuniambia siku zote hizo?" aliuliza.

"Ulifunga mlango, shemeji."

"Ungeuvunja, Nahodha," alisema Minnie. "Ungeuvunja."